Hesi ya Kushoto

Nereida Collazo alikuwa amejiapiza kwamba siku Abdiel Rentas akikanyaga tena kilima chao, hatamtazama. Basi Ijumaa ile alasiri, gari jekundu lililochubuka rangi lilipoingia uwanjani na kusimama kando ya kompresa ya kujazia mitungi ya hewa, alimtazama. Alimtazama akishuka, akamtazama akifunga mlango kwa goti kama alivyozoea, akamtazama akivua kofia na kusita. Kiapo cha mwaka mzima kilivunjika kabla hata vumbi halijatua.

"Funga mdomo, inzi wataingia," alisema shangazi Carmín kutoka dirisha la kibanda chake, huku akigeuza alcapurria, vile vitafunio vya kaa, kwenye mafuta.

"Sijafungua mdomo, shangazi."

"Basi funga macho."

Nereida alijitia hamnazo. Akachukua kitambaa, akaanza kufuta barakoa ambayo alikwisha kuifuta mara mbili. Mwaka mzima alikuwa amejidanganya kwamba kidonda kimepona, kumbe kilikuwa kimefunikwa tu.

"Nilikwambia atakuja," shangazi aliendelea kwa sauti ya chini, maana habari kama ile hawezi kukaa nayo tumboni. "Binamu yangu wa Ponce kaona kwa macho yake. Jumanne mchana kweupe, ile mashine yake ya kukerezea chuma imepandishwa lorini. Karakana imefungwa, kibao kimeng'olewa. Anauza kila kitu, mwanangu. Huyu amerudi kutoka Orlando kuaga moja kwa moja."

"Na aage," Nereida alisema. Akaigeuza barakoa, akaanza kuifuta mara ya nne.

Asingekuwa wa kwanza kuaga pale. Uwanja wa Collazo, huku juu Aibonito, baba yake Don Efraín aliuanzisha pamoja na mama yake kabla Nereida hajazaliwa. Kila Jumamosi na Jumapili watu walipanda kutoka pande zote za kisiwa, wakavaa barakoa, wakafukuzana vichakani na kupigana vidonge vya rangi kwa bunduki za hewa mpaka nguo zikawa kama meza ya mpaka rangi. Watoto wa nyumba walikuwa watatu. Wawili wakubwa walikwenda Orlando, ng'ambo ya bahari, mmoja akimfuata mwenzake, na sasa walirudi Krismasi tu, wakala pasteles za sikukuu, wakacheka, kisha wakalia uwanja wa ndege. Mama naye akafariki. Don Efraín akabaki na dada yake jikoni, kitinda mimba wake uwanjani, na zile bunduki za rangi za zamani zikining'inia ghalani.

Bunduki hizo alizinunua na mkewe, na hakutaka kusikia habari za kuzitupa. Lakini vichwa vya mitutu yake, kile kipande cha mbele kinachofungwa kwa kuzungushwa, vilikuwa vimelika midomo, na vidonge vikitoka vilikwenda popote vilipopenda. Kiwanda kilichozitengeneza kilikuwa kimefungwa zamani. Tena kiwanda hicho kilikuwa na kichaa chake: dunia nzima hufunga hesi, ile mistari ya kuzungushia, kwenda kulia, wao walikata hesi zao kwenda kushoto. Hapakuwa na duka lililouza kichwa cha kuziingia. Kwa hiyo mzee alikubali, kwa kinyongo, kukodishia wachezaji bunduki mpya, na akatangaza kwamba Ijumaa hii fundi yeyote mwenye kichwa cha mtutu cha kuuza akilete kijaribiwe. Mafundi wengine walituma vyao kwa maboksi. Abdiel akaja mwenyewe.

Alipofika mezani alikuwa ameshika kitu kidogo kilichofungwa kwa kitambaa cha pamba.

"Habari za mchana, Don Efraín. Doña Carmín." Akageuka. "Nere."

"Nereida," alimrekebisha.

"Nereida."

Don Efraín hakuinua uso. Alikuwa akifunga mtungi wa hewa kwenye bunduki mpya, taratibu, kama mtu anayemvisha mtoto viatu. "Weka hapo na vingine. Zamu itafika."

Abdiel akaweka. Hakuomba baraka, na Nereida alijua kwa nini. Kwao, mtoto hamsogelei mzazi wala shangazi wala babu bila kusema "baraka," na mkubwa hana budi kujibu "Mungu akubariki." Mwaka jana, siku aliyokuja kuaga, Abdiel alisimama papa hapa akaomba. Hakuwa mtoto wa nyumba hii, lakini alikuwa ameijia kwa miaka mingi na ilikuwa haki yake kujibiwa. Don Efraín aligeuka akaendelea kuosha barakoa. Kibao cha uso kingekuwa nafuu. Kisha mzee akasema neno moja tu, kwa mgongo: "Maneno ninayo ya kutosha nyumbani. Siku ukirudi, rudi na kitu mkononi."

Usiku wa kuamkia siku hiyo wapenzi wale wawili walikuwa wamegombana. Abdiel alisema twende wote, Orlando kuna kazi ya kukereza mitutu. Nereida alisema siwezi kumwacha baba. Abdiel alisema na mimi je. Nereida hakujibu, na mpaka leo swali hilo lilikuwa linamwamsha.

"Cha kwanza," alisema Don Efraín.

Cha kwanza kilikuwa cha plastiki, kimepinda kama pua ya mlevi. Kisanduku kilidai kwamba kidonge kitapiga kona na kumfuata adui nyuma ya mti. Wote wakavaa barakoa. Shabaha ilikuwa dishi la zamani la televisheni lililofungwa kwenye mpera, ng'ambo ya bonde dogo. Don Efraín akalenga, akavuta. Kidonge kilipiga kona kweli, kikaliacha dishi, kikauacha mpera, kikaenda kupasukia kitambaa cha meza cha shangazi Carmín kilichoanikwa kwenye waya.

"Efraín, kile ni cha Pasaka."

"Sikukilenga."

"Ndiyo hasa ninayoisema."

Abdiel alicheka ndani ya barakoa, akajikaza haraka. Nereida naye kicheko kilimpanda, akakimeza.

Cha pili kilikuwa kinene, cheusi, cha kujishaua, cha vijana wanaopenda kupiga picha. Kilikuwa kizito mpaka pua ya bunduki ikainama, na vidonge vikaangukia majani. Cha tatu kilikuwa kirefu chenye matundu mengi. Sauti yake ilikuwa ya upole, shabaha si mbaya, lakini kidonge cha nne kikapasukia ndani na rangi ya njano ikachuruzika kwenye kila tundu.

"Filimbi inatokwa makamasi," alisema shangazi.

Ilikuwa kazi ya Nereida kusafisha. Akachukua mtutu, akaenda kwenye bomba la maji nyuma ya meza. Abdiel akamfuata na kitambaa, bila kuombwa.

"Sihitaji msaada."

"Najua. Nimeleta kitambaa tu."

Walisimama bega kwa bega kama zamani, wasiguse. Alinuka mafuta ya mashine na sabuni ile ile. Nereida alikasirika kwamba sabuni haikubadilika.

"Umekuja kuaga?" aliuliza, macho kwenye maji.

"Nimekuja kujaribiwa."

"Usinizungushe, Abdiel. Mashine umeiuza?"

"Nani kasema?"

"Ponce nzima imesema."

"Ponce nzima imeliona lori likiondoka. Imeliona likifika?"

"Sina nguvu za mafumbo leo. Mwaka mzima sina nguvu. Kama unaondoka sema, nilie, yaishe." Aligundua kwamba anasugua mtutu uliokwisha kutakata. "Kaka yangu aliaga akasema miezi sita. Dada akasema mwaka. Mimi nimechoka kupungia watu mkono."

Abdiel alifungua mdomo, akamtazama mzee pale mezani, akaufunga. Uso wake ulikuwa umekonda kuliko Nereida alivyoukumbuka, na katika macho yale aliona woga, si ujeuri. Hilo ndilo lililomchanganya.

"Baba yako alinikataza kuja na maneno," alisema kwa sauti ya chini. "Mwaka mzima nimeyabana. Nivumilie dakika chache. Kijaribuni kwanza, kisha uniulize lolote."

"Rentas," Don Efraín aliita. "Zamu yako."

Kitambaa cha pamba kikafunguliwa. Ndani yake mlikuwa na kichwa cha mtutu cha alumini, kifupi, kisicho na rangi wala nakshi. Don Efraín alikipima kwa mkono, akakitazama ndani akikielekeza juani. Hakusema ni kizuri, lakini alichelewa kukishusha. Kisha akakiweka kwenye mtutu wa bunduki mpya, akazungusha.

Hakikuingia.

Akakitoa, akapuliza hesi, akarudisha. Akazungusha tena kulia, polepole. Chuma kiliteleza juu ya chuma, hakikushika hata kidogo.

"Hakiingii," alisema.

"Hapo hakiingii, Don Efraín," alisema Abdiel.

"Mwaka mzima Orlando." Mzee alikiweka mezani kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko kelele. "Watu wanatuacha wanakwenda kule wakajifunze, na hiki ndicho walichokufunza. Kukereza kisichoingia."

Shangazi Carmín aliinamia mafuta yake.

Nereida aliona aibu ikimshika Abdiel mpaka masikioni, na aibu ile ikamwuma yeye. Afadhali angekosea kitu kingine. Lakini hesi? Fundi huyu, ambaye alikuwa akikata hesi gizani kwa kupapasa? Alikichukua kile kichwa, kwa huruma tu, akitaka kukifunga tena kwenye kitambaa ili watu wasiendelee kukitazama. Kidole gumba chake kikapita juu ya hesi.

Kikasimama. Kikarudi.

Mistari ilikuwa inapanda upande usio wake.

Hakuna aliyemfundisha Nereida jambo hilo kwa maneno. Tangu utotoni, kila Jumapili jioni, kazi yake ilikuwa kufungua na kufunga vichwa vya zile bunduki za zamani, na kila mgeni aliyejaribu kumsaidia alizungusha kulia na kuvikaza zaidi, naye akacheka. Kidole chake kiliijua njia ile kama unavyoijua ngazi ya kwenu.

"Shangazi, ufunguo wa ghala."

"Wa nini?"

"Nipe tu."

Alikwenda nusu akikimbia. Ndani ya ghala bunduki za mama yake zilining'inia zimefunikwa shuka. Akachukua moja, akafungua kichwa kilicholika, akarudi nayo kifuani. Hakumtazama mtu. Aliweka kile kipande cha alumini mahali pake, akakizungusha kushoto.

Kikashika. Kikaingia mzunguko baada ya mzunguko, laini, bila kelele, mpaka mwisho.

Don Efraín akasogea.

"Nani alikupa kipimo?" Don Efraín aliuliza. Sauti yake haikuwa ile ya mwanzo.

"Nilikuwa nacho mfukoni," alisema Abdiel. "Kile kichwa kimoja kilicholika. Nereida alinipa nikitazame, siku kadhaa kabla sijaondoka. Tukagombana, nikasahau kukirudisha, nikaenda nacho. Kila siku baada ya kazi nilikuwa nakiweka kwenye mashine ya watu na kujaribu. Vya mwanzo niliviharibu. Msimamizi akaniuliza hesi ya kushoto hii unamtengenezea nani, hakuna anayeinunua. Nikamwambia ni ya nyumbani."

Nereida alisikia kitu kikilegea katikati ya kifua chake, fundo ambalo alikwisha kulizoea mpaka akadhani ni sehemu ya mwili wake. Mtu anayetaka kwenda zake hakerezi chuma kisichofaa popote duniani ila kwenye kilima hiki.

"Mashine iko wapi, Abdiel?"

"Hapo chini. Kwenye lile banda la kuku la jirani, Doña Providencia."

"Banda gani?"

"Lile la zamani, barabara inapopinda. Nimelikodi. Lori liliondoka Ponce likaja huku, Nere. Lingekwenda wapi?"

"Banda lile lina viroboto," alisema shangazi Carmín.

"Ninao tayari, Doña Carmín. Tumekwisha zoeana."

Nereida akacheka. Kicheko kikaja na machozi yake, vyote kwa pamoja, akaona haya, akavuta barakoa usoni. Halafu hasira nayo ikakumbuka zamu yake.

"Na simu huna? Kidole kimekatika? Mwaka mzima, Abdiel."

"Ningekwambia nini? Narudi? Hata kaka yako alisema anarudi." Alisema bila ukali. "Sikutaka kukupa ahadi nyingine ya kusubiria. Niliogopa mashine itakwama, niliogopa nitashindwa hesi, niliogopa utakuwa umepata mwingine. Nilikuwa naogopa kila siku, kama unataka kujua."

"Na mimi nilikuwa nakuchukia kila siku, kama unataka kujua."

"Na sasa?"

"Sasa sijui. Nipishe nipime kidonge."

Alichukua kidonge cha rangi, akakidumbukiza mwanzo wa mtutu. Hivi ndivyo wenye mchezo huu hupima: kidonge kikiteremka chenyewe, mtutu ni mpana, kikigoma pumzi, ni mwembamba. Kikitulia, kisha kikatoka kwa pumzi moja, vimepatana. Kidonge kikatulia. Zamani yeye alikuwa akipuliza na Abdiel akikinga kiganja mbele, na hakuna aliyepanga iwe hivyo leo, lakini kiganja kile kilikuwa tayari pale. Nereida akainua ukingo wa barakoa, akaweka midomo kwenye chuma, akapuliza. Kidonge kikatoka, kikaangukia kiganjani pa Abdiel kizima. Akakifumba. Macho yao yakakutana, na safari hii hakuna aliyekwepesha.

Don Efraín akakohoa. "Mtaijaribu hiyo bunduki au mtaioa?"

Akaichukua mwenyewe, akaifungia mtungi wa hewa, akaitia vidonge. Ile bunduki ilikaa begani pake mara moja, mahali palipozoea. Akalenga dishi ng'ambo ya bonde, akavuta. Dishi likalia. Akavuta tena, likalia tena, rangi juu ya rangi. Alipoishusha na kuvua barakoa, alijifuta macho kwa mkono wa shati.

"Hewa ya mtungi inawasha macho," alisema.

"Ulikuwa umevaa barakoa, Efraín," alisema dada yake.

"Carmín, geuza kaa wako."

Akamtazama Abdiel sawasawa, kwa mara ya kwanza tangu afike. "Wote mnakuja na nia njema. Januari ikifika, rafiki akipiga simu, kuna kazi nzuri zaidi kule. Hapo je?"

"Nimekuwa kule, Don Efraín. Kazi ni nzuri. Jumapili nilikuwa nakaa chumbani nasikiliza friji." Abdiel alizungusha kofia mikononi. "Na ile mashine wanaume sita waliishusha wakanitukana mpaka bibi zangu. Mimi siipandishi lorini mara ya pili."

Mzee aliigeukia bunduki. Alitoa kifuko cha kuziba mdomo wa mtutu, akakivisha polepole, akakaza kamba yake. Ilionekana kwamba mazungumzo yamekwisha. Abdiel alisubiri kidogo, akaelewa hivyo, akavaa kofia.

"Haya. Nitakiacha hiki hapa, na vingine nilivyokereza viko garini, nitavileta kesho. Nashukuru kwa kunijaribu."

Akamwinamia shangazi kichwa, akamtazama Nereida kama mtu anayeweka akiba, akaelekea kwenye gari. Hakuomba baraka. Mtu aliyenyimwa hadharani mara moja hairudii kirahisi. Nereida alimfuata kwa macho na lile fundo likaanza kurudi mahali pake. Akamgeukia baba yake. Alitaka kusema baba, tafadhali, lakini katika mambo haya hakuna anayeweza kumwombea mwenzake.

Abdiel alikuwa amekwisha kufungua mlango.

"Kijana."

Akasimama.

"Kwenu Ponce watu huondoka hivi hivi nyumbani kwa watu? Kama mbuzi?"

Abdiel alirudi hatua kadhaa, akavua kofia. Alikuwa amesimama palepale pa mwaka jana.

"Baraka, Don Efraín," alisema.

Mzee alikuwa bado ameinamia bunduki ya mkewe. Akapitisha kidole mahali chuma kipya kilipokutana na cha zamani.

"Don Efraín ni jina la wateja," alisema. "Omba tena, vizuri."

Shangazi Carmín alizima jiko ili asikie. Abdiel akaikunja kofia mikononi.

"Baraka, baba."

"Mungu akubariki, mwanangu." Don Efraín akainua uso. "Sasa funga huo mlango, kwa mkono, uje ule. Chakula kinapoa, na huyu binti hajala vizuri tangu ulipoondoka."